Shuka za Matroni na Paka wa Mama

Matroni alikunjua shuka ya saba, akaiinua hadi usoni kama mtu anayetaka kujifuta jasho, kisha akaishusha polepole. Chumba cha mbele kilikuwa kidogo. Cherehani ilikaa chini ya dirisha, meza ya kukatia ikabanwa ukutani, na shuka nyeupe zilizokwisha kushonwa zilipangwa sakafuni juu ya mkeka kwa sababu mezani hapakuwa na nafasi tena. Kwenye benchi la wateja alikaa mama mmoja aliyeleta gauni la kubadilishiwa zipu. Alikuwa akichezea simu yake. Sasa aliacha.

"Fundi," alisema Matroni, "hebu njoo unuse hapa."

Fundi aliinuka kwenye cherehani, akainama, akanusa. Alikuwa ameifua shuka ile mara mbili na kuianika juani siku nzima.

"Ni sabuni, Matroni. Nilibadilisha sabuni."

"Sabuni gani inanuka mkojo?"

Mama wa zipu alikohoa, akatazama dari.

"Mwanangu," alisema Matroni, na sauti yake haikuwa ya ukali, jambo lililomuumiza Fundi zaidi, "mimi niko wodi ya wazazi mwaka wa ishirini na mbili huu. Mkojo wa mtoto naujua. Wa mzazi naujua. Wa mume aliyelewa akalala mlangoni akisubiri habari, naujua pia. Huu ni wa paka."

Kama aliyeitwa, paka akatokea nyuma ya pazia la chumba cha ndani. Alikuwa jike wa kijivu, mwenye kifua cheupe na macho ya kuuliza maswali. Jina lake Mkaguzi, kwa kuwa hakuna kitambaa kilichoingia nyumba ile asikikague. Alipita kati ya miguu ya Matroni, akaketi mbele ya shuka, akazitazama kwa makini.

Mama wa zipu alishindwa kujizuia. Kicheko kilimtoka puani.

Matroni hakucheka. Alitenga shuka saba kando. "Hizi utazifua upya. Nakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuchukua zilizo tayari. Nikikuta hata moja ina harufu, nabeba na jora langu la kitambaa naenda kwa mwingine. Mtoto ana saa mbili tu duniani, nimlaze kwenye mkojo wa paka? Nitamwambia nini mama yake?"

"Haitatokea tena."

"Na huyu?" Matroni alimnyooshea Mkaguzi kidole.

"Ataondoka," alisema Fundi. Hakuwa amemuuliza mtu yeyote. "Ataondoka, Matroni. Hutamkuta."

Matroni alipokwisha kutoka, mama wa zipu naye alisimama. Fundi alimwona akilitazama gauni lake, akangoja alichukue. Lakini yule mama alilikunja vizuri akaliweka juu ya meza, mbali na sakafu. "Zipu haina haraka," alisema. "Maliza kwanza ya mwenzako. Na jaribu siki, mwaya. Siki inasaidia."

Siki alikwisha kuijaribu. Hata hivyo alimshukuru.

Nyuma ya pazia kiti kililia. Mama, mkwewe Fundi, alikuwa amekaa pale muda wote, na masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote.

*

Bomba, mume wa Fundi, alirudi saa kumi na mkoba wake wa spana. Mji mzima ulimwita hivyo kwa kazi yake, hata wale waliomjua tangu utotoni. Fundi alimvutia jikoni, akafungua bomba la maji ili wasisikike.

"Umemwambia mteja ataondoka?"

"Nimemwambia."

"Bila kumuuliza Mama?"

"Nimuulize Mama mbele ya Matroni? Niseme subiri kidogo, kuna kikao cha familia kuhusu paka?"

Bomba alifunga bomba. Hakupenda kuona maji yakipotea, hata kwa ajili ya siri. "Nazibua vyoo vya watu kutoka asubuhi mpaka jioni," alisema kwa sauti ya chini. "Hoteli zinaniita. Halafu nyumbani kwangu choo cha paka kimenishinda."

"Usinichekeshe. Sitaki kucheka."

"Beseni analo?"

"Analo. Safi. Kila asubuhi natupa vitambaa vya jana naweka vingine, vikavu, laini. Mimi mwenyewe ningelala humo. Lakini anaacha beseni lake, anakwenda kwenye kazi ya watu. Nimeweka siki. Nimeweka maganda ya ndimu. Nimempiga kwa gazeti, Mungu anisamehe. Wiki tatu sasa, tangu nilipopata kazi hii. Kama vile anajua ndiyo kazi ya maana."

Kweli ilikuwa ya maana. Fundi alikuwa mtu wa zipu, pindo na sare mbili tatu za shule. Shuka mia na ishirini pamoja na foronya zake hakuwahi kuziota. Dawa za Mama za miezi mingi zilikuwa ndani ya kazi ile, na wote wawili walijua bila kutaja.

"Nimpeleke kwa Seremala," alisema Bomba mwishowe. "Ana panya wanaotembea kama wapangaji. Atampokea."

"Na Mama nani atamwambia?"

Bomba alifungua bomba tena.

Kiharusi kilikuwa kimemlegeza Mama upande wa kulia na kuyavuruga maneno yake. Hakikuyachukua yote. Yalikuwemo, lakini yalitoka mojamoja, mengine yamepinda, na kila alipoanza sentensi kulikuwa na mtu mwema karibu aliyemmalizia. Mama, unataka maji? Mama, unataka kulala? Taratibu aliacha kuzianza. Alionyesha kwa kidole, au alinyamaza.

Kwa Mkaguzi tu hakunyamaza. Bomba alimleta paka yule akiwa mdogo wa kutosha kukaa kiganjani, ili Mama apate kitu cha kushika kwa mkono mbovu. Siku chache baadaye Fundi, akiwa anapiga pasi, alisikia sauti nyuma ya pazia. Mama alikuwa anamhadithia paka habari za mvua. "Ili… ilinyesha. Ika… ikachukua mabati. Mabati… ya jirani. Tukacheka." Ilimchukua muda mrefu sana. Paka hakumsaidia hata neno moja. Fundi aliizima pasi isije ikatoa mlio, akasimama pale hadi hadithi ikaisha.

Hilo ndilo walilokuwa wanataka kulitia kwenye tenga na kulipeleka kwa Seremala.

"Tungoje kidogo," alisema Fundi. "Labda ataacha."

*

Hakuacha. Jumamosi asubuhi Fundi alikuta foronya nne zimelowa, zile za juu kabisa alizozimaliza jana yake kwa mkono, ukingo wote umefinywa vizuri. Mkaguzi alikuwa bado yuko juu yake, anafukuafukua kwa mguu mmoja, akivuta pembe ya kitambaa kufunika alipolowesha. Fundi alimtazama, akaona kama anamdhihaki.

Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mama, akapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Mama, nisikilize. Mkaguzi ameharibu tena. Nikipoteza kazi hii sijui tutafanyaje. Bomba atampeleka kwa Seremala. Si mbali. Seremala ni mtu mzuri, hatamtesa."

Mama alimtazama. Mdomo wake ulifunguka kidogo upande mmoja.

"Unataka kumuaga?" aliuliza Fundi haraka.

Mdomo ukafunga.

Bomba alileta tenga la nyanya lenye kifuniko, macho yake yakitazama kila mahali isipokuwa kwa mama yake. Paka alipotiwa ndani alilia kilio kirefu cha kuudhika. Mama aliinua mkono wake mzima kuwataka wangoje. Akafungua skafu aliyokuwa amejifunga kichwani, taratibu, kwa mkono ule mmoja, na hakutaka kusaidiwa. Nywele zake zilikuwa nyeupe na chache, na hakuzoea kuonekana hivyo mbele ya mkwewe. Aliikunja skafu juu ya paja, akampa mwanawe.

"Nimwekee?" aliuliza Bomba.

Mama alitikisa kichwa kukubali.

Bomba aliitandika ndani ya tenga, akatoka. Alitembea hadi kona ya mtaa kabla ya kuruhusu pua yake imtoke kamasi, akajifuta kwa mkono wa ovaroli kama mtoto.

*

Nyumba ikawa safi. Jumapili hakuna kilicholowa. Jumatatu hakuna kilicholowa. Fundi alishona kuanzia kunapopambazuka, shuka zikapanda juu ya mkeka hadi magotini, na alipoinama kuzinusa zilinuka pamba mpya na pasi tu. Alijisikia mwepesi, kisha akajionea haya kwa wepesi huo, kisha akaendelea kushona.

Nyuma ya pazia palikuwa kimya. Mama alikula nusu ya uji. Bomba alijaribu utani wake wote, hata ule wa mteja aliyedondosha meno ya bandia chooni na kumtaka ayatafute, ambao siku za nyuma ulimfanya Mama atikisike bega. Mama alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni anayesema lugha nyingine.

Jumanne hakuonyesha hata kwa kidole.

Jumatano adhuhuri Fundi alikata uzi, akaona kwamba hajamsikia Mama tangu chai. Alifungua pazia. Mama alikuwa amekaa wima kwenye kiti, mikono mapajani, anatazama ukuta. Chini ya kiti palikuwa na maji. Gauni lake lilikuwa limelowa hadi kwenye pindo, na lilianza kukauka pembeni. Alikuwa amekaa hivyo muda mrefu. Choo kilikuwa hatua kumi, na Fundi alikuwa hatua nne.

"Mama! Mbona hukuniita? Niko hapa tu!"

Alimwinua, akamwegemeza, akamvua, akamletea maji ya vuguvugu. Alifanya yote kwa mikono laini na bila kusema neno la lawama, kwa kuwa hakuwa nalo. Mama alikubali kuogeshwa huku amefumba macho. Alipovishwa gauni kavu, alimshika Fundi kifundo cha mkono.

"Na…" alisema.

Fundi alikuwa karibu kusema, Na nini, Mama? Na chai? Aliuma ulimi.

"Na mimi," alisema Mama. Ikapita pumzi, na nyingine. "Lini… te… tenga?"

Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa anauliza siku tu, kama mtu anayetaka kujiandaa.

 Fundi alimkumbatia yule mama mkwe mwembamba, gauni kavu na mifupa, akamshika hivyo hadi miguu yake mwenyewe ikafa ganzi. Kisha akamwita jirani wa mlango wa pili aje akae naye, akavaa viatu, akatoka bila kufunika cherehani.

*

Karakana ya Seremala ilikuwa banda refu lililojaa vumbi la mbao hadi kwenye utando wa buibui. Seremala mwenyewe, mtu mnene mwenye penseli sikioni, alikuwa anapigilia mgongo wa kochi.

"Shemeji! Karibu, karibu, usikanyage gundi hapo. Umekuja kumsalimia mtoto?"

Mkaguzi alikuwa juu ya rafu, amekaa kati ya makopo ya vanishi. Alimwona Fundi, akageuza uso.

"Amenuna," alisema Seremala. "Lakini panya anawajua. Siku ya kwanza wawili, ya pili watatu, sasa wamehama. Ila shemeji, nikuulize kitu bila ubaya."

"Uliza."

"Mlimfundisha nini huyu? Tazama sakafu yangu. Unga wa mbao kutoka ukuta hadi ukuta. Paka yeyote angesema amefika peponi. Huyu anauruka! Anatembea kwa ncha za vidole, kama bibi harusi aliyeona tope. Anakwenda mpaka kwenye aproni yangu, ananikojolea. Juzi kitambaa cha kochi la mteja. Na ile skafu mliyomwekea kwenye tenga, hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kabisa. Kabla hajala."

"Skafu ya Mama?"

"Nimeifua, usijali, ile pale inakauka. Lakini nikamwangalia. Alilowesha, akafukuafukua, akavuta kitambaa akafunika vizuri. Nikajiambia, huyu hafanyi utundu. Mtundu hafuniki. Huyu yuko chooni." Alitoa msumari mdomoni. "Kwenu alikuwa anatumia nini?"

"Beseni," alisema Fundi. "Lina vita…"



Alikumbuka mchanga. Bomba alileta ndoo ya mchanga siku ile ile ya paka, na baada ya siku mbili mchanga ulikuwa kwenye mkeka, kwenye kitambaa, hadi ndani ya cherehani, ukalia chini ya mguu wa kukandamizia kitambaa kama meno. Fundi aliumwaga wote nje. Chini ya meza alikuwa na gunia la mabaki, vipande visivyofaa hata viraka, akajaza beseni kwa hivyo. Alifurahi sana. Aliwaambia wateja, jamani, hata mabaki yangu yamepata kazi. Kila asubuhi kwa miezi mitano alimwekea paka mdogo vitambaa laini na kumsifu alipovilowesha. Hapo zamani nguo za wateja zilitundikwa ukutani na paka hakuzifikia. Ilipokuja kazi ya Matroni, shuka zikalala sakafuni, na mabaki ndani ya beseni yakawa ya jora lile lile, meupe vilevile, laini vilevile. Angejuaje kwamba hili ni beseni na lile ni mshahara wa watu?

Fundi aliketi kwenye kiti ambacho bado hakikuwa na mkono mmoja.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Kila siku asubuhi, kwa mkono wangu. Halafu nikampiga kwa gazeti."

Seremala hakucheka, ingawa mtu mwingine angecheka. Alirudi kwenye kochi lake akapigilia misumari miwili, kumpa nafasi ajifute macho.

"Mimi nilimfundisha mke wangu kwamba sili vitunguu," alisema akiwa amempa mgongo. "Mwaka wa kumi na tano huu. Kumbe siku ile nilikuwa nimekasirika tu. Sasa nitamwambiaje? Nakula vitunguu kwa watu."

Fundi alicheka na kulia kwa pamoja, pua ikamtoka.

"Usimnyang'anye vitambaa mara moja," alisema Seremala. "Atachanganyikiwa. Weka vitambaa chini, unga kidogo juu. Kesho unga zaidi. Taratibu mpaka viishe." Alichukua gunia tupu akaanza kulijaza kwa sepetu, bila kuulizwa, akichagua unga mlaini usio na vibanzi.

*

"Leo Jumatano," alisema Bomba. Alisimama mlangoni na mkoba begani, akimtazama Mkaguzi akinusa miguu ya cherehani. "Matroni anakuja keshokutwa. Ulimwambia hatamkuta. Mke wangu, siku mbili! Tungengoja Jumamosi tukamchukua kwa amani."

"Mama ameniuliza tutamtia lini kwenye tenga."

"Kumtia nani?"

"Yeye."

Bomba aliweka mkoba chini. Alisimama kidogo, akakuna shingo, akatoka. Fundi alidhani amekasirika. Alirudi jua likikaribia kuzama na mlango wa bafu wa mtu kichwani, mlango mzima wa plastiki uliotolewa kwa mteja aliyeweka mpya. Aliufunga kwenye chumba cha Mama mahali pa pazia, akaupa komeo, akaufungua na kuufunga mara sita. Kuhusu vitambaa, na nani alimfundisha nani, hakusema lolote. Alikuwa na nafasi nzuri ya kusema, na utani ulikuwa mdomoni mwake, Fundi aliuona. Aliumeza.

Beseni liliwekwa chumbani kwa Mama. Fundi alimweleza kila kitu, hata gazeti. Mama alisikiliza, mkono wake mbovu ukiwa juu ya mgongo wa paka. Kisha alijinyoosha, akachota unga wa mbao kwenye gunia kwa mkono mzima na kuunyunyiza juu ya vitambaa kama inavyonyunyizwa chumvi. Hakumwachia Fundi afanye. Kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe sasa.

Alhamisi paka aliukanyaga unga, akatikisa mguu, akaenda kulowesha ncha ya shuka ya kitanda cha Mama. Fundi aliifua bila kunung'unika. Kila alipopita mlangoni aliisikia sauti ya taratibu ndani, "Si… si hapo. Hapa. Nu… nusa. Hapa," na alirudi kwenye cherehani yake huku moyo unamdunda kwa furaha na hofu kwa pamoja, kwa sababu kati ya paka na shuka tisini nyeupe palikuwa na mlango mmoja wa bafu.

*

Ijumaa Matroni alifika saa nne na msaidizi wa kubeba. Alianza na zile saba. Alinusa moja baada ya nyingine, akaziweka upande wa kulia. Alinusa nyingine kumi. Alipitisha kidole kwenye pindo, akavuta mshono.

"Safi," alisema. "Kazi yako nzuri, Fundi. Nilisema tangu mwanzo kwamba mkono wako ni mzuri. Na yule paka?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu Jumatano. Alikuwa ameamua kusema, Tulimpeleka kwa seremala. Halikuwa uongo. Walimpeleka.

"Tulim…"

"Fundi!"

Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa plastiki, nzito, imepinda, na kubwa kiasi kwamba msaidizi wa Matroni alishtuka. Nyumba ile haikuwa imesikia sauti hiyo ikiita tangu kiharusi.

"Fundi! Ame… ameko… amekojoa! Unga! Kwe… kwenye unga! Njoo!"

 Matroni aliiacha shuka mikononi, hakuikunja wala hakuiweka.

Fundi angeweza kusema ni mgonjwa, hajui anachosema. Watu wangemwamini. Watu huamini upesi sana hilo likisemwa juu ya mtu mzee. Aliuona uongo huo ukiwa tayari kabisa, umeshonwa na kupigwa pasi. Nyuma ya mlango Mama alikuwa anangoja kujibiwa.

"Nakuja, Mama!" aliita kwa nguvu. "Hongera! Nimesikia! Nakuja sasa hivi!"

Kisha akamgeukia Matroni. "Paka yumo. Nilimtoa, nikamrudisha juzi. Kosa lilikuwa langu, nilimzoesha vitambaa. Mama mkwe wangu hasemi na mtu ila paka huyo. Alikuwa hasemi. Shuka hizi hajazigusa, nakuapia, lakini yumo."

Matroni alitazama mlango muda mrefu. Ishirini na mbili ilikuwa miaka mingi, na wagonjwa wa kiharusi aliwajua kabla hajahamia wodi ya wazazi.

"Ana muda gani hajaita hivyo?"

"Mwaka unakaribia."

Matroni aliitikia kwa kichwa. Alinusa shuka zilizobaki zote, sabini na kitu, hakuruka hata moja, na zote akaziweka kulia. Msaidizi alizifunga. Halafu Matroni aliinama mwenyewe, akaliinua jora lililobaki, akaliweka begani.

"Hizi nazichukua na utalipwa zote. Lakini nyingine siwezi kukuachia, Fundi. Nimeelewa. Nimekuelewa kabisa. Ila mtoto mchanga simchezei bahati nasibu."

"Najua, Matroni."

"Usinichukie."

"Sikuchukii."

Mlangoni Matroni alisimama, mzigo begani. "Asimaliziwe maneno," alisema. "Hata akichelewa vipi. Waambie wote." Akaenda.

Fundi alibaki katikati ya chumba. Mkeka ulikuwa mtupu, mezani pamebaki mkasi, chaki na gauni la zipu. Alipiga hesabu ya siku za kazi zilizoondoka begani mwa Matroni, akaiacha kabla haijaisha. Akafungua komeo.

Mama alikuwa amesimama. Alishikilia ukingo wa kitanda, amesimama mwenyewe, anamwonyesha beseni kwa kidevu, na uso wake upande ule mmoja ulikuwa unacheka.

"Yu… yule," alisema, na kichwa akakielekeza mlango wa mbele. "Ame… ame…"

Amekasirika, alitaka kusema. Au ameondoka. Au amechukua. Fundi aliyaona maneno yote matatu yakiwa tayari mdomoni mwake mwenyewe. Hakuwa na kazi ya kukimbilia mchana ule. Aliketi kitandani, akampa mkwewe nafasi pembeni, akaweka mikono mapajani, akangoja.